Dengu za Mchinjaji

Mume wangu Oundo alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mchinjaji. Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu yeyote, alikata kipande cha mnyama wa siku hiyo, akakiweka juu ya jiko la makaa lililokuwa mlangoni mwa bucha, akakigeuza kwa ncha ya kisu, akakila mbele ya wateja. Alichagua sehemu yenye mafuta, kwa sababu alisema mafuta ndiyo yanayoonyesha kama mnyama alikuwa mzima. Mafuta yalimtiririka mpaka kidevuni. Alijipangusa kwa kiganja, akasema, "Haya, nimekula na sijafa. Nani wa kwanza?"

Watu walicheka, wakanunua. Wachinjaji ni wengi hapa Busia, upande wetu wa Uganda na upande wa Kenya, lakini aliyekula nyama yake mwenyewe mbele ya macho ya watu alikuwa huyo mmoja tu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake.

Mimi ni Awor, mama wa Allan, mzaliwa wa kijiji cha Mulanda kule Tororo. Oundo ni Msamia wa Lumino. Tulipooana, wifi yangu Nerima aliuliza mbele ya wageni, "Huyu wa Tororo anajua kupika, au atatulisha kalo ya ulezi na maji?" Nilicheka pamoja na wengine, kwa sababu bibi arusi hana la kufanya ila kucheka.

Asubuhi moja Oundo alikuwa na kipande mdomoni. Alishika kifua, akakaa polepole juu ya gogo la kukatia nyama. Wateja walidhani anawafanyia mchezo.

"Oundo, leo umekula na umekufa?" mmoja akamtania.

Uso wa Oundo ulikuwa umepauka kama jivu, na jasho lilikuwa likimtoka ingawa jua lilikuwa halijapanda. Tulimpakia kwenye gari la kukodi, tukampeleka hospitali Tororo, nami njia nzima nilishika mkono wake na kuomba kwa sauti.

Daktari alikuwa mtu mpole, asiye na haraka. Alipojua kazi ya Oundo, alimuuliza, "Mzee, asubuhi ya baridi, kisu ulichokiacha bila kukiosha unakikutaje?"

"Mafuta yameganda juu yake," Oundo akasema. "Yanakuwa meupe kama nta."

"Basi ndivyo mishipa yako ilivyo."

Akasema nyama basi. Samli basi, vitu vya kukaanga basi. Oundo aliuliza kuhusu samaki, na daktari akasema samaki wa kuchemsha anaruhusiwa, kidogo.

"Samaki wa kuchemsha ni chakula cha wagonjwa," Oundo akasema.

"Na wewe ni nani?" daktari akamuuliza.

Nilianza kwa kuchemsha. Nilichemsha sukuma wiki, boga, maharage, nikatia chumvi kidogo. Kwetu na kwao pia, mboga hutiwa samli au karanga za kusagwa mpaka zing'ae. Mwanamke akimpelekea mumewe mboga isiyong'aa, anamwambia kitu ambacho hawezi kukisema kwa mdomo: kwamba ana kinyongo naye. Oundo alifunua bakuli, akaitazama ile mboga kavu, akanitazama mimi.

"Nimekukosea nini, Mama Allan?"

"Hujanikosea kitu. Ni maneno ya daktari."

"Daktari ndiye aliyekuoa?"

Alionja kidogo, akasukuma bakuli. Kesho yake niliisikia harufu ya nyama choma kwenye shati lake, nikajua kwamba bucha inamlisha ninapomnyima. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Wengine wanaomba muujiza. Mimi niliomba chakula. Nilisema, Bwana, nionyeshe chakula ambacho mtu huyu atakila kwa hiari yake, na ambacho hakitamwua. Niliomba hivyo kila siku, bila kubadilisha maneno, kama mtu anayegonga mlango mmoja.

Jibu lilikuja dukani kwa Mama Hansa. Huyu ni Mhindi mzee anayeuza viungo karibu na soko, mjane, watoto wake wamehamia Kampala naye amekataa kuwafuata. Nilikwenda kununua majani ya chai, nikamkuta nyuma ya kaunta anakula kwa vidole, na harufu iliyotoka kwenye sahani yake ilinifanya nisahau nilichokijia.

"Mama, hicho kina nyama?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyama? Mimi toka zaliwa hapana onja nyama."

"Na mafuta?"

"Zamani mingi. Samli tulitia kama maji. Halafu baba yao akafa, moyo." Aligonga kifua chake kwa vidole vilivyokuwa na manjano. "Sasa kijiko ya chai, moja tu. Wewe fikiri ladha iko kwa mafuta? Ladha iko kwa moto."

Nilimweleza habari za Oundo, nikashindwa kujizuia, nikalia pale kati ya magunia ya mchele. Mama Hansa alinawa mikono, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akanivuta mpaka jikoni kwake.

Alinifundisha kwa kufanya. Aliweka sufuria kavu motoni, akamwaga jira, ile bizari nyembamba, ndani yake bila tone la mafuta, akaitikisa mpaka harufu ikageuka kutoka ya majani hadi ya karanga, akaitwanga ingali moto. Alikata vitunguu vyembamba kama nyuzi, akavifunika vipikike kwa maji yake vyenyewe. Vilipotaka kushika chini aliongeza maji ya kiganja, akakwangua, akaongeza tena, mpaka vikawa na rangi ya udongo mwekundu kama vile vimekaangwa. Akaja tangawizi na kitunguu saumu, akaja nyanya mpaka zikazama. Dengu zilikuwa zimechemka pembeni na manjano, povu limeondolewa. Alizichanganya. Mwisho akachukua upawa, akatia kile kijiko kimoja cha mafuta, akaushikilia juu ya moto, akatupia mbegu za haradali. Zilipoanza kuruka na kupasuka alitia punje ya mvuje.

Mvuje mbichi unanuka vibaya sana. Nilirudi nyuma. "Mama, hii inanuka kama soksi za askari!"

"Ndiyo. Ngoja. Ikikutana na moto, inaomba samahani."

Akamimina ule upawa juu ya dengu, sufuria ikapiga kelele, naye akanipigia kelele mimi: "Funika! Funika! Harufu ndiyo mafuta yako, usiache ikimbie!"

Nilifunika kwa mikono miwili.

Jioni ile nilimwekea Oundo dengu zile na chapati kavu nilizozichoma juu ya makaa bila mafuta. Alifunua bakuli, akasita, akanusa. Alikula tonge moja. Akala la pili. Halafu akainamisha kichwa, akala kama mtu anayeogopa kwamba watu watakuja kumnyang'anya.

"Umetia nyama gani humu?" akauliza.

"Tuma ulimi wako ukaitafute."

Alipangusa bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati, akalitazama. "Mama Allan, nyama imejificha vizuri."

Namshukuru Mungu kwa miezi iliyofuata, hata sasa. Nilirudi kwa Mama Hansa mara nyingi, na kila mara nilitoka na kitu. Nilijifunza kuchoma bilinganya juu ya makaa mpaka ngozi iwe nyeusi, kuimenya na kuiponda na kitunguu kibichi na pilipili. Nilijifunza kabichi ya haradali, choroko za tangawizi, bamia za ukwaju, na mchuzi wa maziwa mgando yaliyoondolewa siagi. Wanaume wa Lumino hawaingii jikoni, lakini Oundo alianza kuingia. Alivuta kigoda, akakaa kungoja chapati ivimbe juu ya makaa kama mpira. Ilipovimba alipiga makofi kama mtoto.

"Usimwambie Nerima kwamba nakaa hapa," alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba kaka yake anacheza mpira jikoni?"

Alipungua. Alifunga mkanda kwenye tundu jipya alilolitoboa kwa kisu cha kazi. Alipanda kilima cha kanisani bila kusimama. Usiku alipumua kimya, na mimi niliyezoea kukaa macho nikisikiliza kama pumzi inayofuata itakuja, nililala.

Lakini bucha ilianza kufa. Oundo hakula tena kile kipande cha asubuhi, na wateja waliona. Mkabala na bucha yetu kuna bucha ya Osinya, na Osinya ana mdomo.

"Jamani, mwenye nyama haonji nyama yake!" alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Si yeye mwenyewe anajua alichinja nini?" Na siku nyingine, akiigiza Kiswahili cha Wahindi: "Bwana Patel! Leo nakula majani gani? Kuja nikupe chumvi!"

Watu walicheka, wakavuka barabara. Nyama ya Oundo ilibaki ikining'inia, na nzi wakapata mahali pa kukaa.

"Waambie ukweli," nilimshauri. "Sema daktari amekukataza."

"Mchinjaji akisema nyama imemdhuru, nani atanunua?"

"Basi nitakula mimi," nikasema. "Nitasimama mlangoni kila asubuhi nile mbele yao."

"Mwanamke asimame kwenye bucha yangu atafune? Watasema nimeshakufa, mjane amerithi."

Nerima alikuja kutoka Lumino wakati huo huo. Alifika chakula kikiwa mezani. Alimtazama kaka yake alivyopungua, akatazama bakuli, akanusa. Kopo la mvuje lilikuwa wazi juu ya rafu.

"Hii harufu ya nini, mulamu?" akaniuliza, kwa neno lao la wifi. "Ni dawa?"

"Ni kiungo, wifi. Cha Kihindi."

"Kiungo kinanuka kama maiti?" Akamgeukia Oundo. "Mwana wa mama, umekauka kama omena. Mtoto wa mchinjaji, mjukuu wa mchinjaji, unalishwa vitu vya kuku! Na wewe unakula tu?"

Nilingoja Oundo aseme kwamba chakula kile ni kitamu. Nilingoja aseme kwamba amepanda kilima. Alisema, "Ni daktari, Nerima. Si unajua madaktari," akasukuma bakuli mbele kidogo, kama mtu anayelikana. Nerima alipoondoka, alilirudisha akalimaliza. Niliona, nikaliosha.

Nerima ndiye aliyempeleka kwa Mtume Chrispinus, mhubiri aliyekuwa amevuka kutoka upande wa Kenya na kupiga hema lake kwenye uwanja wazi. Nami nilikwenda. Nisieleweke vibaya: sisemi kwamba Mungu haponyi. Nilikuwa nimemwomba kila siku, na niliomba pale pia, machozi yakinitoka, wakati Mtume alipompaka Oundo mafuta kwenye paji la uso na kifuani, na kumwambia kwamba ugonjwa umeng'olewa na mizizi yake.

Haikupita muda tukarudi Tororo kupimwa. Daktari alimpima Oundo akatabasamu. "Mzee, umefanya kazi. Presha imeshuka, mafuta yameshuka. Endelea hivi hivi, usiache hata kidogo." Akanigeukia. "Mama, unampikia nini?" Nilimweleza, akataka nieleze tena namna ya vitunguu vya maji, ili akamwambie mkewe.

Oundo alisikia nusu ya kwanza ya maneno yale. Nusu ya pili hakuisikia, au aliisikia akaiacha pale pale.

Jumapili alisimama hemani kutoa ushuhuda. Alikuwa amevaa koti lake la arusi, ambalo sasa lilimtosha tena. Alieleza jinsi alivyoanguka buchani, jinsi daktari alivyomkatia tamaa, jambo ambalo daktari hakulifanya. Akasema, "Tangu nipakwe mafuta yale, nilisikia moto kifuani. Nikaenda kupimwa. Daktari mwenyewe ameshangaa!" Watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa mstari wa mbele. Nilingoja. Nilijisemea, sasa atasema, "Na mke wangu." Hata kama si dengu, aseme mke tu. Akasema, "Mungu ni mwema," akaketi. Nilisimama pamoja na wengine, nikapiga makofi.

Njiani nilimuuliza, "Na dengu, Baba Allan?"

"Dengu ni chakula. Chakula hakiponyi mtu."

"Nini kilichokuponya?"

Alisimama, akanitazama kwa mshangao ambao haukuwa wa uongo. "Wewe unayeomba kuliko sisi wote, ndiwe unayeniuliza hilo?"

Tangu nijue kuomba, hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa maombi yangu mwenyewe. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani.

Mtume akatangaza sherehe ya shukrani, nyumbani kwa wazazi wa Oundo, Lumino. Oundo atachinja fahali kwa mkono wake. Atakata kile kipande cha kwanza, kama zamani, na kukila mbele ya watu wote, ili shetani aone aibu. Oundo aliniambia habari hiyo akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Nilielewa. Mtu alikuwa anarudishiwa jina lake.

Nilikwenda kwa Mtume peke yangu. Nilimkuta ameketi nje ya hema, anakunywa soda.

"Mtumishi," nikamwambia, "nakuomba umruhusu mume wangu ashukuru bila kula mafuta. Aimbe. Atoe sadaka. Daktari amesema asiache chakula anachokula."

"Mama, nani mkubwa, Mungu au daktari?"

"Mungu, mtumishi. Lakini ni Mungu huyo huyo aliyeumba dengu."

Alitabasamu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Mama, unaomba sana, nimekuona. Lakini unaomba mkono mmoja ukiwa umeshika sufuria. Iachilie."

Siku ya sherehe niliamka alfajiri nikapika. Sikuwahi kupika dengu nzuri kama zile. Nilizitia kwenye hotpoti, nikaifunga kwa leso, nikaipakata njia nzima mpaka Lumino.

Turubai zilikuwa zimefungwa, watu wamejaa. Fahali alichinjwa, moto ukawashwa, na kile kipande kikaletwa kwenye sinia: kidari, mafuta yake meupe yakianza kuyeyuka pembeni. Kwa Wasamia, mtu anayeheshimiwa hupewa chakula cha kwanza kwa mkono wa mkewe. Nerima aliniwekea sinia mikononi.

"Mama, mpe mumeo," Mtume akasema kwenye kipaza sauti.

Niliweka sinia chini. Nikafungua leso, nikafunua hotpoti, nikaiweka mbele ya Oundo. Harufu ya jira na haradali ilipanda katikati ya moshi wa nyama. Nikaona pua yake imetambua. Kwa muda mfupi sana alikuwa tena yule wa kwenye kigoda.

"Awor," akasema kwa sauti ya chini, "usiniaibishe."

"Kula hizi kwanza."

"Nipe nyama."

"Jichukulie, Baba Allan. Mimi sitakupa kwa mkono wangu."

Watu waliokuwa nje ya turubai wakasogea waone. Ndipo Nerima akanisukuma kwa bega. "Toka hapa, mulamu! Mnamwona? Mtu anamwonea wivu mpaka Mungu!" Watu wakacheka. Akaokota sinia, akapiga goti mbele ya kaka yake kama ilivyonipasa mimi, akampa.

Oundo alikula. Mafuta yalimtiririka mpaka kidevuni. Alijipangusa kwa kiganja, akasimama, akanyoosha mikono juu: "Nimekula na sijafa!"

Vigelegele, ngoma, vumbi. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akatazama kwingine. Baadaye niliikuta hotpoti karibu na mahali pa kuoshea masufuria, kifuniko hakipo, na kuku wanadonoa.

Wateja walirudi. Oundo alikula kipande chake kila asubuhi, na Osinya hakuwa na la kupaza tena. Nyumbani niliendelea kupika. "Niwekee, nitakula kesho," alisema, mwanzoni kwa upole, baadaye bila kutazama. Hakuingia tena jikoni. Nilikula dengu zangu peke yangu, nikitazama kigoda, na chapati zikivimba nilizitoboa kwa kidole. Nilimsihi, nikamkumbusha maneno ya daktari. Alisema, "Mama Allan, nikila dengu sasa, nimemfanya Mungu mwongo mbele ya watu." Nikaomba. Niliona aibu kuomba, kwa sababu sikujua tena kama naomba au nabishana.

Alianguka siku ya soko, bucha imejaa. Wanasema alishaimeza nyama, akajipangusa, akaanza, "Haya, nimekula na..." na neno lililofuata halikutoka. Mdomo ulikwenda upande. Kisu kilianguka kutoka mkono wa kulia, na mkono ule haujashika kitu tangu siku hiyo.

Tororo tulimkuta daktari yule yule. Alisoma vipimo, akanitazama, akavua miwani.

Sasa Oundo analala sebuleni, ambako kuna mwanga. Hasemi. Upande wa kulia umekufa. Anasikia kila kitu, anaelewa, na mkono wa kushoto ni mzima. Hawezi kutafuna. Kitu pekee kinachopita kooni bila kumpalia ni dengu, nikizichemsha mpaka zivurugike na kuzichuja kwa chujio la chai. Nampikia kila siku, kwa namna ile ile, jira, vitunguu vya maji, kijiko kimoja cha mafuta. Haradali naitoa kabla sijachuja.

Kanisani wanawake wameanza kuniachia nafasi kubwa kwenye benchi. Maneno yalinifikia kwa njia yake. Wanasema mtu aliponywa mbele ya umati, mkewe akakataa kumpa chakula cha shukrani kwa mkono wake, akaingiza shaka, na ugonjwa ukarudi kupitia mlango ule.

Juzi alasiri Mtume alikuja, na Nerima, na wanawake wa maombi. Niliwapa viti. Alimpaka Oundo mafuta kwenye paji la uso, halafu akafumba macho, akasema, "Katika nyumba hii kuna mtu aliyetia shaka. Bwana anamngoja atubu." Hakunitaja. Wote walinitazama.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilisema, "Mtumishi, mwenye nyumba yupo. Masikio yake ni mazima. Tumuulize yeye."

Nilipiga magoti kando ya godoro, uso wangu karibu na wake. "Baba Allan, mimi sitaki kitu kingine. Wakati ule ulipopungua, ukapanda kilima, ukalala bila kukoroma, kabla hujapakwa mafuta yoyote, ulikuwa unakula nini? Kama ni chakula cha mkono wangu, inua mkono. Hawa waone. Basi."

Alinitazama. Macho yake yalijaa maji, na nilijua kwamba ameelewa kila neno. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi. Vidole vilitikisika. Niliona kifundo cha mkono kikianza kuinuka.

"Mwana wa mama," Nerima akasema polepole nyuma yangu, "si ulisema mwenyewe, mbele ya watu?"

Vidole vilishika ukingo wa blanketi, vikaukaza. Oundo akageuza macho, akatazama ukuta.

"Tuombe," Mtume akasema.

Wakaomba. Walimwomba Mungu anisamehe, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yangu yote. Mwisho wao nilisema amina, kwa sababu maombi ni maombi, na Mungu anajua kuyachambua kama mtu anayechambua mawe katika dengu.

Waliacha chupa ya mafuta ili nimpake asubuhi na jioni. Niliishika. Sikuthubutu kuitupa, na sikuweza kuitumia. Niliiweka kwenye rafu, kando ya kopo la mvuje.

Niliporudi sebuleni na bakuli la dengu, Oundo alikuwa bado ametazama ukuta. Lakini sufuria ilikuwa jikoni, mlango uko wazi, na harufu ilikuwa imefika. Aligeuza kichwa. Hakunitazama machoni, alitazama bakuli mkononi mwangu. Kisha akafungua mdomo, upande ule mmoja unaofunguka.

Nilisimama hapo na bakuli langu. Nilimwambia Mungu, umeona. Sikuongeza neno. Nikaonja kwanza kama bado ni moto. Zilikuwa hazina ladha ya kutosha, na chumvi nayo amekatazwa sasa, kwa hiyo nilirudi jikoni, nikakamulia ndimu, nikakoroga, nikaja nikamlisha.